Tunajua Kina cha Dhahabu, Hatujui Kina cha Udongo



Wapendwa waamini, mtu akikaa jioni moja tu katika mabaraza ya Masumbwe, kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo, atasikia habari za kina cha ardhi. Atasikia kwamba duara fulani limefika mita ishirini na tano, kwamba lingine limeingia maji kwenye mita thelathini, kwamba mwamba wenye mali unaanzia hapa na kuishia pale. Vijana wetu ambao hawakumaliza hata darasa la saba wanayajua mambo hayo kwa ufasaha wa kustaajabisha. Lakini tuwaulize vijana haohao, na sisi wazazi wao tujiulize pamoja nao: shamba la mahindi la mama yako lina udongo wa kina gani? Baraza zima litanyamaza.

Juma hili tunaomba tuutafakari ukimya huo, kwa sababu umetugharimu zaidi ya tunavyodhani.

Tuanze na jambo lililotukuta sisi wenyewe. Msimu mmoja, katika kigango kimojawapo, tuliitwa kusuluhisha ugomvi wa majirani wawili. Mashamba yao yalipakana, mbegu waliyopanda ilikuwa moja, mvua iliyowanyeshea ilikuwa moja, na tarehe ya kupanda ilipishana kwa siku mbili tu. Mvua ikakata kwa majuma mawili wakati mahindi yanatoa mbelewele. Shamba la mmoja likasimama kijani. La mwenzake likageuka manjano, kisha likawa kama lililopitiwa na moto. Aliyepata hasara akaanza kusema maneno ambayo sisi sote wa ukanda huu tunayafahamu: kwamba jirani, mama mjane mwenye umri mkubwa, amevuta mazao yake kwa dawa. Maneno hayo yakatoka shambani yakaingia kisimani, kisimani yakaingia sokoni. Hatuna haja ya kueleza yangeweza kuishia wapi. Katika nchi ya Shinyanga na Geita wamekwisha kuuawa bibi zetu wengi kwa maneno ya namna hiyo, na damu yao inatulilia hadi leo.

Hatukwenda na hotuba. Tulikwenda na chepe mbili na vijana wanne. Katika shamba la yule mama tulichimba hadi kufika kiunoni, tukawa bado tunatoa udongo mwekundu, laini, uliopenyezwa na mizizi. Katika shamba la yule mlalamikaji chepe iligonga tabaka jeupe, gumu kama sakafu, kabla hatujafika magotini. Tukaing'oa mihindi miwili mitatu: mizizi ilikuwa imeshuka kidogo, ikakutana na lile tabaka, ikapinda na kutambaa ubavuni kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Yule bwana alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akavua kofia yake, akamwendea yule mama.

Wapendwa, shimo lile lilichimbwa chini ya saa moja. Laiti lingechimbwa miaka mitano kabla, pale bwana yule alipolinunua lile shamba!

Sasa tuieleze sababu yake kwa hesabu nyepesi ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifuatilia. Udongo ni ghala la maji. Mvua ikinyesha, mmea hauinywi kutoka mawinguni. Unaitumia ile iliyobaki katikati ya chembe za udongo. Udongo wetu wa kichanga huweza kuuwekea mmea akiba ya maji ya kadiri ya milimita 80 katika kila mita moja ya kina chake. Udongo wa tifutifu na wa mfinyanzi huweka zaidi. Mahindi yaliyo katika kutoa mbelewele hunywa kadiri ya milimita 5 kila siku. Basi shamba la kichanga lenye kina cha sentimita 30 lina akiba ya milimita 24 tu: mvua ikikata, siku ya tano ghala ni tupu. Shamba la udongo huohuo lenye kina cha sentimita 90 lina milimita 72, nazo zatosha majuma mawili. Tofauti ya mashamba hayo mawili, kwa ekari moja, ni maji yanayokaribia lita 194,000, yaani ndoo 9,700 za lita ishirini. Hakuna mganga awezaye kuhamisha ndoo 9,700 usiku mmoja. Ni kina cha udongo kilichofanya kazi hiyo, kimya kimya, wala hakuna aliyekipima.

Zamani upungufu huu ulifichika. Mvua zilipokuja kwa kupishana siku chache, hata ghala dogo lilijazwa tena kabla halijaisha, na shamba lenye kina kifupi likaonekana sawa na jirani yake. Leo majira yamebadilika. Mvua inachelewa, kisha inamwagika kwa nguvu, kisha inanyamaza majuma mawili au matatu, kisha inarudi na mafuriko, kama sehemu nyingi za nchi yetu zilivyoshuhudia katika msimu wa El Niño wa 2023 hadi 2024. Udongo wenye kina kirefu hupokea mvua kubwa na kuitunza kwa siku za kiangazi. Udongo wenye kina kifupi hushiba upesi, maji yanayobaki yakateremka juu ya ardhi na kubeba hata ule udongo kidogo uliokuwapo. Ni hasara mara mbili. Milimita moja tu ya udongo ikiondoka juu ya ekari moja, ni kiasi cha tani tano zilizokwenda mtoni, wala macho hayaoni kitu. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hutukumbusha kwamba huweza kuchukua hadi miaka elfu moja kuumbika sentimita mbili au tatu za udongo. Shamba letu la leo, basi, limeanza kuumbwa kabla Bwana wetu hajazaliwa Bethlehemu, nasi twaweza kulimaliza katika maisha ya mtu mmoja.

Waamini wanaolifahamu Neno watakuwa wamekwisha kukumbuka sura ya 13 ya Injili ya Mathayo. Tumezoea kuuhubiri mfano wa mpanzi kama habari ya mioyo tu, na kweli ndivyo Bwana alivyoufafanua kwa wanafunzi wake. Lakini tusisahau kwamba wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa wakulima, na mfano ule uliwaingia kwa sababu ulikuwa kweli shambani kabla haujawa kweli moyoni. Mbegu ya penye miamba haikufa kwa kukosa mvua, wala kwa ubaya wa mbegu. Iliota upesi kuliko zote, na mpita njia angeisifu. Jua lilipopanda ndipo ilipojulikana kwamba chini hapakuwa na kina. Tuangalie pia jambo lingine: Bwana huyohuyo, katika Injili ya Luka, anamsifu mjenzi aliyechimba chini sana mpaka akaufikia mwamba. Mwamba uleule ni baraka kwa mjenzi na ni msiba kwa mpanzi. Aliyechimba ndiye aliyejua yuko juu ya nini. Asiyechimba, awe mjenzi au mpanzi, alibahatisha. Wahenga wetu nao walisema kwamba nyumba nzuri si mlango, fungua uingie ndani.

Wapo watakaotujibu: "Padri, wazee wetu hawakupima, na walikula." Tunaomba tuwaheshimu wazee zaidi ya hapo, maana walipima. Wasukuma na majirani zao waliupa kila udongo jina lake: luseni, ule wa kichanga wa miinuko, kikungu, ule mwekundu, itogolo na ibambasi, zenye tabaka gumu chini yake, na mbuga, ule mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi. Katika majina hayo mna habari ya rangi, ya maji, na ya jembe litakavyoingia. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alipozunguka Tanganyika katika miaka ya 1930, aliona jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio uleule kutoka kilimani mpaka bondeni, kilima baada ya kilima. Akauita mpangilio huo kwa neno la Kilatini, catena, maana yake mnyororo, na neno hilo linafundishwa hadi leo katika vyuo vya kilimo duniani kote. Ulimwengu ulijifunza kwenye ardhi yetu ya Afrika Mashariki. Itakuwa aibu sisi tuliobaki juu yake tukiusahau mnyororo huo.

Tena wazee walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: nafasi ya kuhama. Udongo ulipochoka, familia ilifungasha ikaenda mbele. Leo mbele kuna shamba la mtu mwingine, au hifadhi, au leseni ya uchimbaji. Yule ambaye hawezi kuhama hana budi kuujua vema mahali alipo.

Na tusidhani kwamba nchi yetu haijawahi kuonywa. Kwa miongo mingi misitu ya Shinyanga ilifyekwa, kwanza kwa kuwafukuza mbung'o wakati wa utawala wa Kiingereza, kisha kwa ajili ya pamba, kuni na malisho. Na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 waliyaacha nyuma maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliitazama hali ya mkoa huo akaifananisha na jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, uliodumu hadi 2004. Mpango huo ulirudi kwenye hekima ya kale ya ngitili, lile eneo linalofungwa wakati wa masika ili lifunguliwe kwa mifugo wakati wa kiangazi. Mpango ulipofikia tamati, ngitili zilizorudishwa au kuanzishwa zilikuwa zimefikia walau hekta 350,000 katika vijiji 833. Sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu. Ilichipuka kutoka katika visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi, mahali ambapo kila mti ulikuwa umekwisha kujichagulia kina kinachoufaa.

Hapo ndipo tunapokuja kwenye maoni yetu juu ya kampeni za kupanda miti. Kila halmashauri nchini imekuwa ikitakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, nalo ni agizo jema. Lakini tumejenga mazoea ya kuhesabu miche iliyopandwa, tukapiga picha, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani. Hatuhesabu ile iliyosimama baada ya kiangazi cha pili. Sisi wenyewe hatuwezi kumtupia mtu jiwe. Tulipata kupanda miche mia mbili kwa sherehe kubwa mahali ambapo hatukuchimba hata shimo moja la kuangalia, na tuliyavuna makuti ya aibu: kiangazi kilipopita ilikuwa imebaki miche kumi na minne, nayo yote ilikuwa upande mmoja wa kiwanja. Tulilaumu mbuzi, tukalaumu watoto, tukalaumu mchwa. Baadaye tulipochimba tulikuta kwamba upande ule mmoja ndio peke yake uliokuwa na kina. Mbuzi hawakuwa na hatia.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo ni la maskini: "Nikishajua kwamba shamba langu lina kina kifupi, nitafanya nini, nami sina lingine?" Swali hili linastahili jibu la heshima. Kwanza, si kila kinachozuia jembe ni mwamba. Mara nyingi ni tabaka lililoshindiliwa na plau ya ng'ombe inayopita kina kilekile mwaka baada ya mwaka, au na kwato za mifugo. Tabaka la namna hiyo huvunjika kwa sururu na kwa subira. Wakulima wa kijiji cha Chololo, mkoani Dodoma, ambako mvua ni haba kuliko kwetu, hupanda katika mashimo yenye upana wa kadiri ya sentimita 22 na kina cha sentimita 30, wakitia samadi ndani yake, ili maji yakusanyike pale pale penye mzizi. Pili, palipo na mwamba wa kweli, bado pana matumizi yake. Kwa vipimo vya FAO, udongo usiofika sentimita 30 ni wa kina kifupi sana, wa 30 hadi 50 ni kifupi, wa 50 hadi 100 ni wa wastani, na unaozidi 100 ni wa kina kirefu. Sisi twashauri hivi: pasipofika 30 paachiwe majani na ngitili, penye 30 hadi 50 papewe choroko, kunde na mazao mengine yanayokomaa upesi, penye 50 hadi 100 mahindi na pamba vyaweza kutegemewa, mradi maji yazuiwe kwa makinga na matuta, na palipozidi hapo ndipo pa miembe na miti ya mbao. Maskini ana haki kuliko tajiri ya kujua ni wapi asitupe mbegu yake na mbolea yake. Hata ruzuku ya mbolea iliyoanza katika msimu wa 2022/2023, ikimwagwa juu ya sakafu ya mawe, huishia mtoni pamoja na jasho la mkulima.

Wapimaji wako wapi? Nchi yetu ina kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano, Tanga, na kituo cha Ukiriguru karibu na Mwanza, vyote vikiwa sasa chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Siku hizi zipo pia ramani za udongo wa Afrika nzima, zilizotengenezwa kwa picha za setilaiti na vipimo vya maabara, zinazokadiria hali ya ardhi kwa kila eneo la mita 30 kwa 30. Tunazipongeza kazi hizo. Lakini ramani ni makadirio, na yale mashamba mawili ya wale majirani yangeweza kuangukia katika mraba mmoja wa ramani. Kwa hiyo pamoja na ramani tunahitaji nondo.

Tunasema nondo, nasi hatutanii. Chukueni kipande cha nondo nyembamba chenye urefu wa mita moja na robo, kikiwa kimechongwa ncha, na mkitie alama kwa rangi kila sentimita 10. Subirini mvua za kwanza ziuloweshe udongo, kwa maana udongo mkavu huizuia nondo na kuwadanganya. Pimeni mahali pasipopungua patano katika kila shamba, mkienda kwa kupindapinda, na mkigonga kitu, sogeeni hatua moja mjaribu tena, isije ikawa ni jiwe moja tu. Kisha chimbeni shimo moja kwa chepe, mwone kwa macho kile kilichoizuia nondo: ni mwamba, ni tabaka gumu, au ni changarawe? Tazameni mizizi ya mwaka uliopita ilipoishia. Andikeni yote katika daftari. Ni kazi ya asubuhi moja, na jumuiya ndogondogo moja ikiwa na nondo moja yaweza kuyapima mashamba ya wanajumuiya wote kabla palizi ya kwanza haijaanza.

Kwa ndugu zetu wachimbaji tuna neno la pekee. Hatuwahukumu, wengi wenu mnasomesha wadogo zenu kwa jasho la duara. Lakini mnapofungua shimo jipya, msiuchanganye udongo wa juu na kifusi cha chini. Uwekeni kando, na shimo likiisha mali lifukieni kwa kifusi kwanza, kisha mrudishe udongo wa juu mahali pake. Msiposhwe zebaki katika mashamba na vijito. Na miti mnayoikata kwa ajili ya matimba ilichukua miaka kuteremsha mizizi. Asiyepanda mwingine anajichimbia shimo ambalo hakuna matimba yatakayolishikilia. Mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoundwa, eneo letu liliondoka Shinyanga. Huenda siku moja dhahabu nayo itaondoka, kama zinavyoondoka dhahabu zote. Wajukuu wetu watabaki na zile sentimita tutakazokuwa tumewaachia.

Maoni yetu, basi, kwa ufupi ni haya. Shamba lisiuzwe wala kununuliwa pasipo kuchimbwa shimo mbele ya mashahidi. Kiwanja cha kupanda miti, kiwe cha shule, cha kijiji au cha kanisa, kipimwe kabla miche haijaagizwa. Na mtu awaye yote anayetaka kusema kwamba jirani yake amemroga mazao, achimbe kwanza. Achimbe mashimo mawili, la kwake na la jirani, na viongozi wa jumuiya wawepo. Tukifika hapo, wapo bibi watakaolala usingizi katika nyumba zao.

Yule mama mjane bado anatujia Jumapili kwa Misa ya kwanza. Jirani yake alilivunja lile tabaka kwa sururu, mstari kwa mstari, kwa misimu miwili, na mama huyo ndiye aliyempa samadi ya kutia katika mashimo. Juma hili kila mmoja wetu aende shambani kwake na chepe.

Mungu awabariki nyote, na akibariki kina cha ardhi yetu.